Jaji wa Marekani na Mtu Aliyerudishwa

Mwezi uliopita nilimsaidia rafiki yangu kuhamia chumba kipya. Tulipofungua kabati alilolikuta humo, harufu ya naftalini ilinipiga usoni, ikabidi nikae kitandani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba kwangu mimi naftalini si dawa ya nondo. Ni harufu ya chumba ambamo mtu mmoja anazungumza na mwingine asiyeonekana.

Sisi tuliokulia Johannesburg tukiwa watoto wa Wakongo tunazijua nyumba za Rosettenville: nyumba kubwa mbele, vyumba vya kupangisha uani, bomba la maji katikati, na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba ya mbele tulikaa Papa, Maman na mimi. Papa alikuwa fundi cherehani na karakana yake ilikuwa Jeppestown. Maman alisuka nywele saluni. Chumba cha uani alikaa kaka yake Papa, ambaye nilimwita Papa Mkubwa.

Huko Bukavu, Papa Mkubwa alikuwa jaji asubuhi na mwalimu wa sheria alasiri. Johannesburg hakuwa jaji wala mwalimu. Alikuwa mtu anayesubiri karatasi zake. Joho lake jeusi alilitundika nyuma ya mlango, mifukoni amelijaza naftalini, na kila asubuhi alilikung'uta vumbi kana kwamba kuna mtu angekuja kumwita kazini. Hakuoa. Hakucheka ovyo. Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni uongo. Nikivunja kikombe nikasema paka, angeniangalia kwa muda mrefu bila neno, mpaka nikatamani anipige.

Mimi wakati ule nilizungumza Kiingereza na Kizulu kama wenzangu wote wa mtaani. Kiswahili nilikisikia tu, sikukijibu. Papa Mkubwa ndiye aliyekipeleka mdomoni mwangu. Hakutaka Kiswahili chetu cha nyumbani peke yake. Alitaka kile cha vitabuni pia, sentensi zilizonyooka kama mstari wa chaki. Haya ninayoyaandika, njia yake ilipita kwake.

Jumamosi mchana alifundisha sheria katika ukumbi wa kanisa letu. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kikongo na Kirundi waliokatiza masomo nyumbani: wasusi, mafundi, na mlinzi mmoja aitwaye Dieudonné aliyekuja na sare yake moja kwa moja kutoka zamu ya Sandton. Kwa kuwa Jumamosi saluni ilijaa wateja, Maman aliniacha huko. Nilikaa chini ya piano, kwenye sakafu iliyonuka nta, nikichora, na sikio langu likiwa juu.

Papa Mkubwa hakufundisha kwa vifungu. Alifundisha kwa maisha ya mtu mmoja. Kila Jumamosi alituletea kipande kingine cha maisha ya jaji mmoja wa Marekani wa zamani za magari ya farasi, ambaye naye alikuwa jaji na mwalimu wa sheria. Alimwita "Jaji" tu, kama mtu tunayemjua sote. Nilijifunza kwamba Jaji alizaliwa kwenye shamba lenye mawe mengi kuliko mahindi. Baba yake alishona viatu. Jaji alisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni, na alipokuwa kijana alitembea mpaka mjini, akawa anafagia ofisi ya wakili mmoja ili aruhusiwe kusoma vitabu vyake. Akawa wakili, akawa jaji. Hakuhongeka kwa fedha wala kwa machozi. Chuo cha mji ule kikamwomba afundishe, na wanafunzi walimpenda hivi kwamba walisimama akiingia na wakasimama tena akitoka.

"Na kisha," alisema Papa Mkubwa Jumamosi moja, "mtu akaletwa mbele yake."

Mtu huyo alikuwa mtumwa aliyetoroka mashamba ya kusini. Kwa miaka alikuwa akiishi mji ule ule wa Jaji, akibeba matofali. Alikuwa na mke na mtoto, na aliimba kanisani. Mwenye mali akaja na hati zake, akadai arudishiwe. Jaji hakuupenda utumwa. Mezani kwake, mbele ya wageni, aliulaani. Lakini sheria ilisema mtoro arudishwe, na Jaji alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini kwamba jaji anayefuata moyo wake ni hatari kuliko simba. Akaandika hukumu nzuri, yenye hoja zisizo na ufa. Yule mtu akafungwa pingu, akapitishwa barabarani kwenda kupandishwa melini, na watu wa mji wakafunga madirisha yao kama siku ya mazishi.

Dieudonné alinyoosha mkono. "Profesa, na darasani kesho yake?"

"Darasa lilijaa," alijibu Papa Mkubwa. "Wote walikuja. Akafundisha saa nzima. Hakuna aliyeandika neno."

Akageuka kwenye ubao. Nilimwona kutoka chini ya piano: chaki imegusa ubao, na mkono hausogei. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa wote na kwa hakuna mtu, "Na yule mtu alikuwa anarudi. Mpaka Jaji anazeeka, yule mtu alikuwa anarudi kwake."

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilikuwa na umri wa kuelewa neno kama lilivyo. Anarudi. Kwa hiyo yuko njiani.

Nilikuwa na sababu za kuamini hivyo. Mara nyingi, nikitoka shuleni, nilimsikia Papa Mkubwa chumbani akizungumza peke yake. Hakuwa na simu mkononi. Nilichungulia. Alikuwa ameketi kitandani akiangalia mlango, na joho limening'inia pale kama mtu aliyetundikwa kwa mabega. "Keti, kijana," alikuwa akisema. "Keti. Ulitaka kusema nini? Sikukupa nafasi." Kisha alinyamaza kama anayesikiliza. Harufu ya naftalini ilitoka kwenye upenyo wa mlango na kunifuata mpaka jikoni.

Nilimuuliza Maman Papa Mkubwa anaongea na nani. Maman alikuwa anachekecha unga wa fufu. Hakuniangalia. "Anaomba musamaha," alisema. "Mwache na mambo yake."

Basi nikayaunganisha mwenyewe, jinsi watoto wanavyounganisha. Jaji alimrudisha mtu. Yule mtu alikufa huko alikorudishwa. Sasa anarudi, na kwa kuwa Jaji ameshakufa, anamjia Papa Mkubwa, anayemjua Jaji kuliko watu wote. Nikaanza kupita uani mbio. Nguo zikipigwa na upepo kwenye kamba, niliona mabega.

Ndipo zikaja siku zile ambazo kila mgeni aliyeishi mji ule anazikumbuka kwa namna yake. Kwanza zilikuwa habari za simuni: maduka ya wageni yamevunjwa sehemu fulani, watu wanapita barabarani na marungu wakiimba wageni warudi kwao. Kisha moshi ukaonekana upande wa Jeppestown. Shule ikafungwa. Papa alivaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akaenda kuokoa cherehani zake. Maman alikuwa amekwama kwa mteja wake na hakuthubutu kupanda teksi. Kabla ya kutoka, Papa alinishika mabega.

"Usifungulie mutu. Hata akikuita jina. Unasikia? Hata akilia."

Na kwa kaka yake alisema jambo lile lile, lakini kwa heshima, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, nakuomba. Leo nyumba hii haina nafasi ya watu wengine."

Papa Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Katika nyumba ile neno la Papa lilikuwa sheria, na Papa Mkubwa hakuwahi kuivunja sheria yoyote.

Alasiri nilikuwa uani nikianua nguo. Kelele zilikuwa zimekaribia. Duka dogo la kona, spaza ya yule Mhabeshi aliyekuwa akinipa peremende, lilikuwa linavunjwa. Nilisikia mabati yakichanwa. Nikashusha shuka la mwisho, na nyuma yake, juu ya ukuta wa jirani, akatokea mtu.

Alikuwa mweupe. Si mweupe kama yule Mreno aliyetupangisha nyumba. Mweupe nywele, kope, midomo, shati, miguu, mweupe wa majivu, na macho mawili mekundu katikati. Alianguka ndani ya ua bila kelele, kama nguo. Alikuwa na kiatu kimoja. Akanitazama, akaweka kidole mdomoni, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kama cha Papa Mkubwa:

"Mtoto mzuri, nisitiri."

Sikupiga kelele. Niliwaza tu: amefika.

Mlango wa chumba ukafunguka. Papa Mkubwa alisimama kizingitini. Walitazamana.

"Umekuja," alisema. Kisha, kama mtu anayeamshwa, "Ingia. Ingia upesi."

Yule mweupe akaingia. Nyayo zake zilibaki kwenye sementi, moja ya kiatu na moja ya mguu mtupu, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Papa Mkubwa aliziona, akanyanyua beseni la maji ya kufulia, akalimwaga lote. Maji ya povu yakazichukua nyayo mpaka kwenye mfereji. Akafunga mlango wa chumba kwa nje, ufunguo akautia mfukoni, na saa ile ile lango likaanza kupigwa.

Hatukufungua, wakalisukuma mpaka komeo likang'oka. Walikuwa wengi barabarani, lakini walioingia ni wachache, na mbele yao alikuwa Themba. Nilimjua Themba. Mama yake aliuza maandazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Siku hiyo alishika bomba la chuma na alikuwa anatoka jasho, na hakuonekana kama mtu aliyekasirika. Alionekana kama mtu mwenye homa.

"Mkhulu," alimwita Papa Mkubwa, kama wanavyowaita wazee. "Kuna mtu ameruka ukuta."

"Hapa hakuna mtu," alisema Papa Mkubwa kwa Kizulu chake kibovu.

Alisema akitazama miguu yake. Mzee yule, ambaye hajawahi kudanganya, hakujua kudanganya. Hata mimi nilisikia. Mwanaume mmoja nyuma ya Themba alicheka, akaenda kusukuma mlango wa chumba kwa bega. "Fungua hiki."

Themba akachuchumaa mbele yangu. Bomba akalilaza chini, polepole, ili lisinitishe.

"Sisi," aliniambia, yaani dada kwa Kizulu, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya baiskeli. "Wewe hunidanganyi, najua. Umeona mtu akiingia hapa?"

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, na kweli ndiyo niliyosema.

"Akekho umuntu lapha," nilimwambia. Hapa hakuna mtu.

Kwa sababu hakukuwa na mtu. Nilichokiona hakikuwa mtu. Wafu si watu. Wafu ni wafu. Kama angeniuliza kwa neno jingine, ningemwambia kila kitu, na mpaka leo nikilala nalifikiria hilo neno jingine.

Themba akaokota bomba, akasimama. "Twendeni," aliwaambia wenzake. "Mtoto huyu hajui uongo." Yule wa mlangoni alinung'unika, akapiga mlango teke la mwisho, wakatoka. Kelele zao zilihamia mtaa wa pili.

Papa Mkubwa alikaa chini kwenye sementi yenye maji, suruali yake nzuri ikalowa. Alinivuta, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Umemwokoa mtu," alisema. "Mungu atatusamehe uongo huu, mimi na wewe."

"Mimi sikudanganya, Papa Mkubwa."

"Ulisema hakuna mtu."

"Yule si mtu. Ni yule aliyerudishwa na Jaji."

Mwanzoni alicheka. Kisha kicheko kikageuka katikati, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mabega ya Papa Mkubwa yakipanda na kushuka kama ya mtoto. Alilia mpaka akamaliza. Akainuka, akafungua mlango, akanishika mkono kuniingiza ndani. Nilikataa kwa miguu yote miwili. Akaninyanyua.

Yule mtu alikuwa amejikunja nyuma ya mlango, chini ya joho. Papa Mkubwa alichukua kidole changu akakiweka kwenye kifundo cha mkono wa yule mtu. Kulikuwa na kitu kinadunda humo, kwa kasi, kama kifaranga.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Shabani," alijibu mwenyewe, na unga ukapukutika kwenye midomo yake. "Natoka Kigoma. Nauza mikanda na chaja. Nilijificha dukani kwenye magunia ya unga, wakayapasua."

Alikuwa unga tu. Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi kilikuwa baridi, kwa sababu nilielewa kwamba kama huyu siye, basi yule mwingine bado yuko njiani.

Papa aliporudi, cherehani zake zimeungua zote isipokuwa moja aliyoibeba begani, alimkuta Shabani akila ugali jikoni. Alisimama mlangoni. Alimtazama kaka yake, akatazama lango lililong'olewa, kisha cherehani begani. Nilingoja apige kelele. Akaweka cherehani chini, akanawa mikono, akaketi mezani kula naye. Mji ulipotulia, Shabani aliondoka na viatu vya Papa Mkubwa.

Baada ya hapo nilidhani chumba cha uani kitanyamaza. Hakikunyamaza. Mchana mmoja nilisikia tena, "Keti, kijana," na safari hii sikukimbia. Nilisukuma mlango.

"Shabani amepona," nilimwambia. "Kwa nini bado unaongea na yule mwingine?"

Papa Mkubwa alinipa nafasi kitandani. Alinieleza bila kupunguza, kama anavyoelezwa mtu mzima. Kulikuwa na kijana kule Bukavu. Alichukuliwa na waasi wa msituni akiwa mdogo, akatoroka, akaletwa mahakamani kwa Papa Mkubwa. Askari walimtaka. Sheria ilisema kesi ya mtu wa namna ile ni ya mahakama ya kijeshi. Kijana aliomba asipelekwe kwa wale, akasema hawatamfikisha. Papa Mkubwa alisaini. Hawakumfikisha. Maiti yake ilikutwa kando ya barabara ya mtoni, na alasiri ile ile Papa Mkubwa akaenda kufundisha.

"Nilidhani Shabani ni malipo yake," alisema. "Lakini mtu si badala ya mtu."

Jumamosi iliyofuata alimaliza maisha ya Jaji. Alisema vita vilikuja, utumwa ukavunjwa, na ile hukumu nzuri ikabaki kama ufunguo ambao mlango wake umeng'olewa. Jaji alihamia mji mwingine, akahukumu kesi nyingine, akafa mzee kitandani, akiwa na wajukuu.

Dieudonné aliuliza, "Na yule mtu, Profesa? Jaji alimtafuta?"

"Hapana."

"Na mke wake? Alikuwa mji ule ule."

Nilimwona Papa Mkubwa akishika ukingo wa meza. "Mtaa wa pili tu," alisema. "Alikaa mtaa wa pili. Miaka yote ile, Jaji hakwenda." Alikusanya vitu vyake kabla ya saa kwisha, na vijana wakabaki wameketi.

Mwezi haukwisha kabla hajatuambia anarudi Bukavu. Papa alimkatalia, kisha akamsihi, kisha akalia. Askari wale wale bado walikuwepo, alisema, na wengine sasa ni wakubwa. Papa Mkubwa alimjibu kitu kimoja tu: "Mama wa yule kijana yuko hai." Tulimsindikiza Park Station. Basi lilipoondoka alikuwa anatazama mbele. Hakutupungia, na hatukumwona tena kwa macho.

Kulipita muda mrefu bila habari. Papa aliacha kula usiku. Hatimaye simu ikalia, asubuhi ya Jumapili, tukiwa tumevaa nguo za kanisa. Papa aliiweka mezani ili sote tusikie. Sauti ya Papa Mkubwa ilitoka mbali, na nyuma yake kulikuwa na jogoo na mtu anayetwanga.

Alisema alimpata yule mama. Anaishi juu kilimani, anauza mkaa. Alimwambia kwamba yeye ndiye yule jaji. Akamweleza yote, amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Yule mama alisikiliza huku anafunga mkaa kwenye mifuko. Hakumtukana. Alipomaliza, mama akauliza jambo moja.

"Aliniuliza, siku ile alivaa nini," alisema Papa Mkubwa.

Maman alijifunika mdomo.

"Nikamwambia shati la njano, kifungo cha juu hakipo. Na kandambili za bluu. Akasema ile shati ni yeye alimununulia. Akaniambia, kesho urudie, unielezee tena."

"Na ulienda?" aliuliza Papa.

"Naenda kila siku. Leo ananiuliza alisimama wapi. Jana aliniuliza kama alikuwa amekula."

Papa aliinamia simu. "Yaya," alisema, "utarudi lini huku kwetu?"

Nyuma yake yule mtu aliendelea kutwanga.

"Sijui," alisema Papa Mkubwa. "Huyu mama bado hajamaliza kuniuliza."